Kipa na Ubao wa Nyimbo

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni na kasisi wa Garissa)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya macho. Sisemi macho ya moyo. Sisi wahubiri tuna haraka sana ya kukimbilia macho ya moyo kabla hatujamaliza habari za haya mawili yaliyo usoni. Nasema macho haya ya nyama, ambayo vumbi la Garissa huyaingia kila siku na jua huyapiga tangu asubuhi hadi jioni.

Vijana wa kanisa letu wana timu ya mpira. Uwanja wao ni mchanga mtupu, hauna jani hata moja, na pembeni kuna migunga inayotoboa mpira kila juma la pili. Wanacheza kuanzia saa kumi alasiri, na lango moja linaelekea magharibi, kwa hiyo yeyote anayelinda lango hilo hulitazama jua usoni. Mwaka juzi walikuwa na kipa kijana wa miaka kumi na sita. Jina lake silitaji. Wenzake humwita Kipa, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kipa alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye mikono kama makasia. Mpira wa karibu aliudaka vizuri ajabu. Lakini mpira uliopigwa kutoka mbali, hata ukija polepole, ulimpita naye amesimama kama mtu aliyeshtushwa usingizini. Watazamaji walipiga kelele, "Warya, kipa, amka!" Siku moja tulifungwa mabao matano. Wakati wa mapumziko nilimwita, na mbele ya wenzake wote nikamwambia kwamba yeye ni mvivu, tena mwoga, na kwamba anayesinzia langoni hafai kukabidhiwa lango. Nilisema kwa sauti ya mimbari. Yeye alinitazama huku amefinya macho, nami nikaona kule kufinya macho ni dharau, nikamwongezea maneno mengine ambayo sitayarudia hapa redioni.

Hakurudi uwanjani. Jumapili tatu hakuonekana hata kanisani. Mimi nilijiambia kwamba nimemrudi mtoto kwa faida yake.

Aliyenifumbua ni mke wangu. Mnajua kwamba makanisani mwetu kuna ubao mbele, umetundikwa ukutani, wenye namba za nyimbo za siku ile. Mke wangu hukaa karibu na vijana. Siku Kipa aliporudi, mke wangu aliona kwamba kila wimbo ulipotajwa kijana huyu hakutazama ubao hata kidogo. Alimwinamia jirani yake akachungulia kitabu cha mwenzake, ndipo akafungua chake, akakileta karibu na pua. Tulipofika nyumbani mke wangu akaniambia, "Yule mtoto haoni. Wewe ulimwita mwoga, naye haoni."

Ndugu zangu, chakula cha mchana siku ile hakikupita kooni.

Nilikwenda kwao jioni. Mama yake huuza chai karibu na stendi. Nilimwomba kijana msamaha mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu. Kisha nikamwuliza kwa nini hakusema kwamba haoni. Akajibu, "Mchungaji, sikujua. Nilidhani watu wote huona hivi. Nilidhani wenzangu wanajua kukisia kuliko mimi."

Neno hilo nimelichukua mpaka leo. Mtoto wa darasani asiyeona ubao hawezi kujua kwamba wengine wanauona. Hana macho mengine ya kulinganisha na yake. Huambiwa mjinga, akakubali. Huambiwa mvivu, akakubali. Walimu mnaonisikiliza, mkiwa na mwanafunzi anayefinya macho, anayenakili kutoka daftari la jirani, anayeinamisha kichwa hadi pua iguse karatasi, msimpige kwanza. Mpelekeni akapimwe.

Tulimpeleka hospitalini. Akasimamishwa mita sita kutoka kwenye kibao cha herufi, akafunikwa jicho moja, kisha la pili. Alisoma herufi kubwa ya juu, na mstari uliofuata akaanza kubahatisha. Daktari akatueleza kwamba jicho lake ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo sura ya kitu cha mbali hujikusanya kabla haijafika ukuta wa nyuma wa jicho, ikafika pale imekwisha kuchafuka. Kioo chembamba katikati na kinene pembeni huisogeza sura hiyo nyuma mpaka mahali pake. Namba yake ilikuwa mbili kasoro. Maana yake ni kwamba kitu chochote kilichopita nusu mita kutoka usoni mwake kilikuwa kimeanza kufifia. Nusu mita! Na lango la mpira lina upana wa mita saba na zaidi. Yale mabao machache aliyoyaokoa sijui aliyaokoaje.

Miwani ilipopatikana, nilikuwapo alipoivaa. Nilitazamia atafurahi. Alitoka mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe wale watu wana nyuso." Na baada ya kitambo kingine akasema, "Sasa nitaona wanavyonicheka."

Wasikilizaji wapenzi, hapo tukadhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Mama yake, ambaye alikuwa ameuza vikombe vingi vya chai ili alipe sehemu yake ya miwani ile, alitoa amri: miwani ni ya shule na ya kanisa, si ya mpira. Ukiivunja, hakuna nyingine. Nani atamlaumu? Basi Kipa akarudi langoni bila miwani, na mipira ikaendelea kumpita kama zamani. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa alijua asichokiona, na hilo lilimwumiza zaidi.

Mimi si mtaalamu wa macho. Lakini nilikumbuka mwalimu wangu wa zamani wa chuo cha theolojia, mtu aliyezaliwa katika milima ya Ulaya penye theluji. Alivaa miwani minene tangu utotoni. Alikuwa akitusimulia, tulipokuwa tukitetemeka na baridi ya Limuru, jinsi watoto wa kwao wanavyofunga mbao mbili nyembamba miguuni na kuteremka mlimani kwa mwendo wa gari. Wengine hufunga miguu yote miwili juu ya ubao mmoja. Sisi tulicheka, tukadhani ni mambo ya Wazungu. Msicheke upesi, maana mwaka 1998 Mkenya wetu Philip Boit alishiriki michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 juu ya theluji. Alifika wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyeshinda mbio zile, alikuwa bado anamngoja mstarini ili amkumbatie.

Basi nikamwandikia mwalimu wangu: Wewe uliwezaje kuteremka mlima na miwani usoni? Akajibu kwa barua ndefu. Alianza kwa kukiri kwamba alipokuwa na umri wa Kipa aliificha miwani yake mfukoni, kwa sababu wenzake walimcheka. Akateremka akikisia. Theluji yote ni nyeupe, mashimo yake ni meupe na matuta yake ni meupe, na asiyeona vizuri hatambui kivuli kinachomwonyesha tuta. Aligonga ua wa mbao, akavunjika mtulinga. Baba yake hakumgombeza. Alimshonea ukanda wa mpira wa kuzuia miwani nyuma ya kichwa, basi.

Kisha akanieleza wanavyofanya watu wa kwao siku hizi, na nilishangaa jinsi taabu za theluji zinavyofanana na taabu za mchanga. Wao huvaa juu ya miwani yao miwani mingine mikubwa inayofunika uso kutoka paji hadi pua, yenye nafasi ndani, au hutengenezewa vioo vyenye namba yao vikapachikwa humo humo. Adui wao ni ukungu, kwa sababu joto na jasho la uso hukutana na kioo cha baridi, kikafifia kama kioo cha gari asubuhi ya mvua. Sisi hatuna ukungu, tuna jasho linalotiririka kwenye kioo na vumbi linalonata juu ya jasho. Dawa ni ile ile: hewa ipite, kitambaa safi kiwe karibu, na usifute kioo chenye mchanga kikiwa kikavu, maana mchanga hukikwaruza.

Nilimwuliza pia juu ya vile vilenzi vidogo vinavyowekwa juu ya jicho lenyewe, ambavyo vijana wa mjini wanavipenda. Alisema vinawafaa wengi katika michezo, wala havidondoki. Lakini vyataka mikono misafi na dawa yake maalumu, na havipaswi kuoshwa kwa maji ya bomba wala ya mtungi, kwa kuwa vijidudu vya majini vinaweza kuliharibu jicho kabisa. Chembe ya vumbi ikiingia chini yake, ni mateso. Nilipofikiri juu ya uwanja wetu, na juu ya mtungi wa maji ambao vijana kumi na mmoja hunawia mikono, nikaliweka jambo hilo kando.

Na jua je? Hapa barua ile ilinifundisha jambo. Theluji mpya huweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya ile mionzi ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi na jicho. Kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo mionzi inavyozidi, asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo vijana wanaopanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, huku wameacha miwani ya jua nyumbani, wakikuta theluji huweza kurudi na macho yaliyoungua. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, macho yakatoka machozi kana kwamba yametiwa mchanga, na kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 tu. Lakini sisi tunakaa karibu na ikweta, na wachungaji wa mifugo wa kwetu hawalitazami jua kwa juma moja la likizo, bali maisha yao yote. Kofia yenye ukingo mpana si urembo. Na ile miwani myeusi ya bei nafuu inayouzwa njiani, isiyozuia mionzi hiyo, inaweza kudhuru, kwa sababu giza lake huifanya mboni ifunguke zaidi na kuipokea mionzi mingi zaidi.

Jambo la mwisho katika barua lilikuwa hili: kijana asicheze na vioo vya kawaida vinavyopasuka. Awe na vioo vya plastiki ngumu, fremu isiyo na ncha kali, na ukanda. Vioo vya Kipa, tulipouliza, kumbe vilikuwa vya plastiki tayari. Kilichopungua ni ukanda, yaani kitu cha shilingi chache.

Nilikwenda kwa fundi wa cherehani, jirani yangu, mzee wa Kisomali ambaye kila Ijumaa huniuliza hali ya watoto wangu. Nilimweleza haja yangu. Akacheka, akasema, "Padre, mimi nashona suruali, sasa nishone macho?" Lakini alichukua mpira wa kiunoni, akaushonea vifuko viwili vidogo vya kuingiza mikono ya miwani, akakataa malipo. Akasema mwanawe naye hufinya macho, je, ni wapi hupimwa?

Sasa nifungue Maandiko, maana najua kuna wazee wa kanisa wanaoanza kutazama saa. Katika Injili ya Marko sura ya nane tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu. Hilo peke yake lanihukumu mimi niliyemkemea Kipa katikati ya uwanja. Akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona. Fikirini shida ya mtu yule. Ameguswa na Bwana mwenyewe. Wanafunzi wanatazama. Ingekuwa rahisi namna gani kujibu, naam, naona vizuri, asante! Heshima ingepatikana pande zote, naye angerudi nyumbani akipapasa. Lakini alisema ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti, miti inayotembea. Bwana hakuchukizwa na jibu lile. Aliweka mikono mara ya pili, na ndipo mtu yule akaona kila kitu waziwazi.

Mimi nimeisoma habari hiyo tangu chuoni, na tuliandika insha ndefu juu ya kwa nini mikono iliwekwa mara mbili. Katika insha yangu sikuandika hata mstari mmoja juu ya ujasiri wa yule mtu kusema kwamba haoni vizuri bado.

Wako ambao hakuna kioo kitakachowasaidia. Sitaki kuwapita. Johannes Rebmann, mmisionari wa C.M.S., aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na mwenzake Krapf akauona Mlima Kenya kutoka nchi ya Ukambani mwaka 1849. Wataalamu waliokaa London walikataa, wakisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta. Rebmann alidumu katika pwani yetu miaka 29, akiandika kamusi za lugha za watu, na macho yale yaliyoiona theluji yakapofuka. Aliporudi Ulaya mwaka 1875 alikwenda akiongozwa na Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Alifariki mwaka uliofuata.

Na karibu zaidi nasi yuko Henry Wanyoike, mwanariadha wa Kikuyu, aliyepoteza kuona mwaka 1995. Mwaka 2000 kule Sydney alikimbia mita 5,000 amefungwa kamba na kiongozi wake, kama walivyo wanariadha wasioona. Karibu na mwisho kiongozi ndiye aliyeishiwa nguvu, naye Wanyoike akamkokota mpaka mstarini, akashinda. Mwalimu wangu asema hata katika theluji wako vipofu wanaoteremka milima kwa mwendo wa kutisha, na mbele yao hutangulia mwenzao anayewaambia kwa redio ndogo ya sikioni: kushoto, kulia, sasa. Sijui kama mimi ningethubutu, wala kuongozwa wala kuongoza.

Nami niseme yangu, nisije nikaonekana mwalimu wa wengine tu. Nina umri wa miaka arobaini na kitu, na mkono wangu umekuwa mfupi: Biblia nikiisogeza mbali naiona, nikiileta karibu herufi zinaogelea. Miezi sita nilimlaumu fundi wa umeme kwa taa hafifu za kanisani. Jumapili moja katika somo la kwanza nilisoma jina la mfalme mmoja mahali pa mwingine, na watoto wa shule ya Jumapili wakanisahihisha kwa sauti. Aliyenipa anwani ya mahali pa kupimwa alikuwa Kipa. Alisema, "Mchungaji, nenda tu. Haiumi."

Jumamosi iliyopita walicheza na vijana wa upande wa pili wa mji. Kipa alipangiwa lango la jua. Alivaa kofia, miwani, na ukanda wa mzee wa cherehani, na kitambaa amekichomeka kwenye soksi. Mama yake alifunga meza ya chai akaja kutazama, akisema anakuja kuilinda miwani. Tulishindwa mbili kwa moja. Lakini yale mabao mawili aliyaona yote mawili yakija, na mipira mingine sita aliyoiona ikija haikupita.

Tuombe. Bwana, wako wanaonisikiliza asubuhi hii ambao wamekisia kwa miaka mingi, darasani, kwenye usukani, kwenye tundu la sindano. Watakapokwenda kupimwa wakiona haya, washike mkono, uwatoe nje ya kijiji. Amina.